Umepewa usimamizi wa zamu kwa mara ya kwanza: anzia hapa

Kila kiwanda kinapopandisha watu vyeo, napokea maswali yale yale. "Kaka, nimepewa zamu, nianzeje?" "Wenzangu hawanisikii, nifanyeje?" "Kuna mzee kwenye laini yangu ana umri wa baba, namwagizaje?" Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu, sasa nimeyakusanya mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekuwa mfanyakazi wa kawaida, ukapandishwa kuwasimamia watu uliokuwa ukila nao mihogo saa ya mapumziko. Mifano yangu ni ya kiwanda cha kufungasha bidhaa Dar es Salaam, chenye zamu tatu, kwa sababu huko ndiko nilikokulia kikazi. Msimamizi wa hoteli, supamaketi, ghala au wodi ataona mambo mengi yanayomhusu pia. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Ukiwa Zanzibar, Kenya au Uganda, tafuta za kwenu, maana saa na malipo hutofautiana.

Watu wako watakusoma kwenye rosta, yaani ratiba ya zamu, kabla hawajakusikiliza ukisema lolote. Ndiyo maana hatua ya nne ni ndefu kuliko zote, na usiiruke.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua ya cheo kipya. Iwe na tarehe ya kuanza, mshahara mpya na muda wa majaribio kama upo. Wengi huanza kwa maneno ya mdomo, na miezi sita baadaye bado wanalipwa mshahara wa zamani huku wakibeba lawama za cheo kipya.
- Kaunta buku mbili. Moja ya makabidhiano ya zamu, inayobaki kazini. Nyingine yako, unayoenda nayo nyumbani.
- Orodha ya watu wako: jina, simu, anakoishi, mashine anazoziweza, na tarehe ya likizo yake. Anakoishi ni muhimu. Anayetoka saa 4 usiku kwenda Chanika hana hali sawa na anayekwenda Vingunguti kwa miguu.
- Nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, pamoja na kanuni za kiwanda chenu. Mwombe afisa utumishi.
- Jina la mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Viwandani mara nyingi ni TUICO. Mfahamu siku ambayo hakuna ugomvi.

Hatua ya 1: Kaa na meneja wako kabla hujatangazwa

Omba nusu saa. Muulize maswali haya na uandike majibu mbele yake:

1. Mwisho wa mwezi utanipima kwa nini? Katoni zilizotoka, uharibifu, ajali, au mahudhurio?
2. Nini naamua mwenyewe, na nini lazima nikuulize? Taja mifano: kumpa mtu ruhusa ya siku moja, kubadilisha zamu, kuita vibarua wa ziada, kusimamisha mashine.
3. Likitokea jambo saa 8 usiku, nampigia nani?
4. Kati ya watu hawa, yupo aliyeomba nafasi hii akaikosa?

Swali la pili ndilo linalookoa watu. Msimamizi asiyejua mipaka ya mamlaka yake huangukia pande mbili: ama anauliza kila kitu hadi watu wanamwona tarishi, ama anatoa ahadi ambayo meneja anaifuta kesho yake asubuhi. Ahadi ikishafutwa mara mbili, neno lako halina uzito tena.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza, sema maneno machache

Tangazo la cheo chako litolewe na meneja, usilitoe wewe. Baada ya hapo chukua dakika kumi na watu wako, wakiwa wamesimama karibu na laini. Unaweza kusema hivi:

"Wenzangu, habari za asubuhi. Mmenisikia nikitajwa. Kazi hii tumeifanya pamoja na wengi wenu ndio mlionifundisha. Kwa wiki mbili sitabadilisha kitu. Nitakuja kwa kila mmoja wetu nimsikilize. Jambo moja tu naanza nalo leo: usalama. Mashine ikikwama, inazimwa kwanza ndipo mkono unaingia. Hilo halina mjadala. Karibuni tuanze kazi."

Basi. Usieleze mipango yako mikubwa, usimseme aliyekutangulia, na usiseme "mimi bado ni yule yule, hakuna kitakachobadilika." Kitabadilika, na wao wanajua.

Kosa la kawaida hapa ni kukaza uso kuanzia siku hiyo ili watu wajue kuwa sasa wewe ni bosi. Watu wa Dar wana kumbukumbu ndefu kuhusu wakubwa wenye dharau. Mwaka 1971 TANU ilipotoa Mwongozo wake ukikemea viongozi wenye majivuno na uonevu, wafanyakazi wa viwandani waliyachukua maneno hayo wakawasomea mameneja wao, na kazi zikasimama. Leo hakuna atakayekusomea waraka wa chama. Ataitikia "sawa bosi", kisha atafanya kazi kwa kutegea, na hutajua mzigo unachelewea wapi.

Hatua ya 3: Msikilize kila mtu peke yake

Dakika kumi na tano kila mmoja, ndani ya wiki mbili. Ukae mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Uliza mambo matatu: kazi yako inakwamia wapi, ungekuwa wewe ungeanza kurekebisha nini, na kuna jambo la nyumbani ninalopaswa kulijua ninapopanga zamu? La tatu liulize kwa upole na usilazimishe. Andika, kisha tekeleza jambo moja dogo la kila mtu wiki hiyo hiyo: glavu zinazomtosha, kiti kilichovunjika, taa iliyoungua juu ya mizani.

Kuhusu waliokuzidi umri. Cheo hakifuti shikamoo. Ukiingia zamu, wewe ndiye wa kuamkia. Ukishaamkia na kuitikiwa marahaba, agizo lako halipungui nguvu hata kidogo: "Mzee, leo naomba uanze na mashine namba mbili, mzigo wa Morogoro unaondoka saa 5." Umesema kazi, mahali na muda. Alama za heshima ni "mzee", "mama" na "naomba", lakini sentensi yenyewe haina kubembeleza. Ukimwagiza mtu mzima kwa kumwita jina kavu mbele ya vijana, atakunyima kitu kikubwa kuliko utii: ujuzi wake. Yeye ndiye anayejua kwa mlio kwamba beringi inakaribia kufa.

Yule aliyeikosa nafasi, mwendee mapema. Usijifanye hujui. "Najua uliomba nafasi hii, na ulistahili kuomba. Nahitaji msaada wako kwenye kufundisha wapya. Utakuwa tayari?" Akikataa leo, muulize tena baada ya mwezi.

Hatua ya 4: Panga rosta kwa haki, na haki hiyo ionekane

Chora jedwali: majina upande wa kushoto, siku 28 juu. Nasema siku 28 kwa sababu sheria inahesabu ovataimu kwa mzunguko wa wiki nne. Kisha jaza kwa mpangilio huu.

1. Weka mapumziko ya wiki kwanza. Kila mtu apate angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Ukianza kujaza kazi na kuacha mapumziko mwishoni, utakuta hayana pa kukaa.
2. Weka likizo na ruhusa zilizokwisha kukubaliwa. Likizo ya mwaka ni siku 28, na mtu akishaahidiwa tarehe, huenda ameshakata tiketi ya basi.
3. Weka wale ambao zamu haiendi bila wao: fundi wa mashine, dereva wa foklifti, mkaguzi wa ubora. Angalia wasikutane wote likizo.
4. Gawanya usiku. Kisheria usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mama mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua, au aliyejifungua ndani ya miezi miwili iliyopita, hapangiwi usiku.
5. Kagua pengo kati ya zamu na zamu. Sheria inataka saa 12 za kupumzika. Hapa ndipo wapya wengi wanapokosea: mtu anatoka saa 4 usiku, wanampangia arudi saa 12 asubuhi. Ni saa 8 tu, na ukitoa daladala mbili za kwenda na mbili za kurudi, amelala kwa saa nne tu. Mtu huyo ndiye atakayeingiza mkono kwenye mashine inayozunguka.
6. Jumlisha saa. Kikomo cha kawaida ni saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Zamu ya saa 8 yenye saa 1 ya mapumziko, kwa siku 6, ni saa 42. Zinazozidi kikomo ni ovataimu: hufanywa kwa makubaliano, zisizidi 50 kwa wiki nne, zilipwe angalau mara moja na nusu, na siku nzima pamoja na ovataimu isivuke saa 12.
7. Mwishoni mwa kila jina andika hesabu tatu: usiku mara ngapi, Jumapili mara ngapi kazini, ovataimu saa ngapi. Zilinganishe kutoka juu hadi chini. Ukiona mmoja ana usiku 10 na mwingine 3, rudi ukarekebishe, au uwe na sababu unayoweza kuisema kwa sauti mbele ya wote.
8. Ibandike ukutani siku saba kabla ya kuanza kutumika, pamoja na hizo hesabu.

Hiyo hesabu ya saba nilifundishwa. Zamu yangu ya kwanza ilikuwa na watu 14, na mmoja alikuwa rafiki niliyeanza naye kibarua. Kila alipotaka Jumapili alikuwa ananiambia tukiwa kwenye daladala, na mimi nampa. Sikukusudia upendeleo. Ni kwamba yeye alikuwa na njia ya kunifikia na wengine hawakuwa nayo. Mwisho wa mwezi, mama mmoja wa kufunga katoni akanifuata na kipande cha boksi. Alikuwa amechora mistari kwa maka pen, jina la kila mtu na Jumapili alizopumzika. Rafiki yangu alikuwa na vijiti vitatu. Mbele ya jina lake yeye mama hapakuwa na kitu. "Mwanangu," akasema, "hebu nihesabie hapa, macho yangu yasije yakawa yamekosea." Alikuwa mwanakwaya. Mwezi mzima hakuwa amesimama na wenzake kanisani.

Nilimwambia, "Mama, nimekosea, na nitarekebisha." Rosta iliyofuata niliibandika ikiwa na hesabu chini yake, na sijawahi kubandika nyingine bila hesabu.

Ruhusu kubadilishana zamu, kwa sharti moja: wote wawili wasaini kwenye kaunta buku siku moja kabla, nawe usaini. Makubaliano ya kwenye grupu la WhatsApp pekee yataishia na mashine isiyo na mtu na watu wawili wanaosema "mimi nilidhani yeye ndiye anakuja."

Hatua ya 5: Kabidhi na upokee zamu kwa maandishi

Fika dakika 15 mapema. Andika au soma mambo haya: mzigo uliotoka na uliobaki, mashine yenye shida na kilichofanywa, malighafi iliyobaki, aliyeumia au kuugua, na agizo la meneja ambalo halijatekelezwa. Zungukeni laini pamoja, kisha msaini. Usipokee kwa simu. Usipokee kwa "kila kitu kiko poa."

Hatua ya 6: Toa mikono yako kwenye mashine

Huenda ulipandishwa kwa sababu ulikuwa hodari wa mashine, na mashine ikikwama mwili wako wote utataka kuikimbilia. Jizuie. Ukiwa umeinama chini ya konveya kwa dakika 40, hakuna anayeona kwamba mizani ya upande wa pili inapunja gramu.

Ukimpa mtu kazi, mpe vitu vinne: kazi yenyewe, muda wa kumaliza, namna tutakavyojua imekamilika, na mahali pa kukupata akikwama. Kisha muulize, "Hebu niambie utaanzaje." Usimuulize "umeelewa?" maana kila mtu atasema ndiyo. Mwache afanye. Akitumia njia tofauti na yako na kazi ikawa salama na sahihi, nyamaza.

Kuna saa ya kuingiza mikono: mtu akiumia, moto, au siku ambayo watu watatu hawakuja na gari liko getini. Siku hiyo ingia, ufunge katoni, watu wakuone. Kesho yake toka.

Hatua ya 7: Sahihisha kosa siku hiyo hiyo, pembeni

Ukimkaripia mtu mbele ya wenzake, utakuwa umepata kimya, na majungu yataanza kabla hujageuka. Mwite pembeni. Sema ulichokiona, madhara yake, kisha muulize: "Leo umefika saa 12 na dakika 40. Jana pia. Mwenzako wa usiku amebaki kwenye mashine akikusubiri. Kuna nini?" Kisha subiri jibu. Mara nyingine utasikia mtoto amelazwa Amana na hakuwa na mtu wa kumwachia. Mara nyingine utasikia foleni, na foleni ipo kila siku. Kubalianeni kitakachobadilika na tarehe ya kukiangalia tena. Andika mistari miwili kwenye daftari lako.

Kosa likijirudia, fuata ngazi za kanuni za kiwanda: onyo la mdomo, onyo la maandishi, ndipo afisa utumishi. Usimwambie mtu "kesho usije." Huna mamlaka hayo, na hata kampuni haiwezi kumfukuza kwa utovu wa nidhamu bila kumsikiliza. Kwa kanuni za mwaka 2007, aandaliwe kikao, kwa kawaida apewe si chini ya saa 48 za kujiandaa, na ana haki ya kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Akiona ameachishwa isivyo haki, ana siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wengi wanaiita CMA. Huko wataulizia maandishi, na maandishi hayo yanaanzia kwenye daftari lako.

Hatua ya 8: Mpelekee meneja habari kabla hazijamfikia

Mara moja kwa wiki, dakika kumi: tumetoa nini, nini kimekwama, nahitaji nini. Ukienda na tatizo, nenda na pendekezo pia. Na mtu wako akifanya vizuri, litaje jina lake.

Mambo yakikwama

*Rafiki yako anachelewa na anakuchukulia poa.* Zungumzeni nje ya kazi, mara moja tu: "Nje sisi ni marafiki. Ndani nakupangia kama wengine, usinifanye nichague." Akirudia, mwandikie kama ambavyo ungemwandikia mwingine yeyote. Wote wanaangalia hilo tu.

*Meneja anakuruka na kuagiza watu wako moja kwa moja.* Usibishane naye mbele yao. Mfuate baadaye: "Agizo la saa 4 lilikuta nimeshampangia yule mtu kazi nyingine, mizani ikabaki bila mtu. Naomba yapitie kwangu." Nenda na mfano, usiende na manung'uniko.

*Watu wanakuomba mikopo.* Kama kuna kikoba au SACCOS kazini, waelekeze huko. Ukimkopesha mmoja, rosta yake haitaaminika tena, hata ukiipanga kwa haki namna gani. Mchango wa msiba ni jambo lingine. Toa, kama mtu mwingine yeyote kwenye laini.

*Majungu yamefika kwa bosi.* Usimtafute aliyeyapeleka. Fungua daftari, onyesha tarehe na kilichotokea. Kama kuna ukweli ndani yake, ukubali.

*Mtu anataka kusimamisha mashine na mzigo unadaiwa.* Kama ni usalama, inasimama. Mpigie uliyeambiwa umpigie katika hatua ya kwanza, andika saa, na mbele ya wengine umwambie aliyeizima kwamba amefanya vizuri. Ukimfokea leo, siku nyingine atanyamaza.

*Umeumiza mtu kwa maneno.* Kama ulimsema mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya watu hao hao, kwenye kikao cha kuanza zamu: "Jana nilimjibu mama vibaya. Mama, naomba unisamehe." Kisha fungua kaunta buku, soma mzigo wa leo, kila mtu aende kwenye mashine yake.